Tundu la Inchi, Tundu la Robo Tatu

Mhakiki hufunzwa mapema kwamba fani si ganda la kumenya ili kuyafikia maudhui. Kanuni hiyo tumezoea kuitumia kwa mashairi na riwaya. Hapa naipeleka kwenye magereji ya Kitengela, yale yaliyojipanga kando ya barabara ya Namanga, na kuijaribu juu ya chombo cha chuma kinachotosha kushikwa kwa mkono mmoja: masta silinda ya breki.

Kila anayebadilisha gari la zamani kutoka breki za dramu kwenda breki za diski hufika mahali akatakiwa achague masta, na karibu kila mmoja huichagua kwa macho. Hutazama unene wa mwili wake na uzito wake mkononi, huangalia kama matundu ya boliti yanakubali na kama bomba litafika. Fundi naye humtia moyo: "Mzee, weka hii kubwa, itashika." Usomaji huo, kwamba itashika kwa kuwa ni kubwa, ndio ninaoupinga. Neno zito la masta silinda limefichwa ndani, na neno lenyewe ni namba: kipenyo cha tundu.

Gari la mfano ni Land Rover Series III, ile ndefu ya inchi 109. Nimeichagua kwa kuwa Kajiado inaijua. Land Rover za aina hiyo ziliunganishwa Thika, katika kiwanda cha Leyland Kenya, na mpaka leo hukosi kuiona moja Isinya imebeba pipa la maji au Bissil imebeba mbuzi siku ya soko. Ilitoka kiwandani na dramu za inchi 11 magurudumu yote manne. Baadaye kampuni yenyewe iliziacha dramu za mbele: One Ten ya 1983 ilikuja na diski mbele, na Range Rover ilikuwa na diski nne tangu 1970. Kwa hiyo anayetaka habu, diski na kalipa za kupachika kwenye Series hatafuti mbali, ingawa kazi ya kuzilinganisha si ya mchana mmoja.

Wanaozidharau dramu nawakumbusha mbio za magari za Safari. Tommy Fjastad alishinda East African Safari ya 1962 kwa Volkswagen ya dramu nne. Joginder Singh alishinda ya 1965 kwa Volvo PV544, aina iliyotoka kiwandani na dramu nne vilevile. Dramu haina aibu. Ina siri, na asiyeijua siri hiyo hawezi kuisoma masta yake.

Ndani ya dramu, shuu inayoelekea upande wa mzunguko hukokotwa na dramu yenyewe. Msuguano unaivuta izidi kujibana. Dereva anaanza kazi, gurudumu linaimalizia. Kwenye magurudumu ya mbele ya 109, Land Rover iliweka silinda mbili kila upande ili shuu zote mbili ziwe za kukokotwa. Ndiyo sababu gari hilo hushika vizuri likienda mbele na kulegea likirudi kinyumenyume mlimani: mzunguko ukigeuka, shuu zinasukumwa mbali badala ya kuvutwa. Shuu za mpangilio huo zinaweza kutoa nguvu ya kusimamisha mara tatu ya ile iliyozisukuma, au zaidi. Diski haina huruma hiyo. Pedi mbili zinabana sahani kutoka pande mbili, na sahani ikizunguka haizivuti ziingie zaidi. Kwa msuguano wa kawaida wa 0.35 hadi 0.4, unapata 0.7 hadi 0.8 ya nguvu uliyobania. Umetoka kwenye tatu ukashuka chini ya moja.

Hapa mhakiki yuko nyumbani, kwa sababu kazi yake ni kusoma pia kisichoandikwa. Masta ya dramu ilichorwa na mtu aliyejua kwamba gurudumu litamsaidia. Msaada huo haumo ndani ya chuma chake wala hauonekani ukiigeuza mkononi, lakini kila kipimo chake kinautegemea. Ukiondoa dramu ukaiacha masta, inabaki ikimtegemea msaidizi ambaye ameshaondoka.

Waliobuni kalipa waliliona pengo hilo wakaliziba kwa eneo. Silinda ya gurudumu la dramu huwa na pistoni ya inchi moja hivi. Pistoni ya kalipa yaweza kufika milimita 54. Kipenyo kimezidi mara mbili na kidogo, eneo limezidi mara nne na nusu. Nguvu imerudi, lakini pistoni pana inameza mafuta mengi kwa kila milimita inayosogea. Mafuta mengi yanadai tundu pana kwenye masta. Tundu pana linapunguza presha. Presha ikipungua, busta inaitwa kusaidia, na busta inadai vakyumu kutoka kwa injini. Aliyewahi kutunga tarbia anaijua adha hii: ukibadilisha kina kimoja katika mshororo wa kwanza, mishororo inayofuata yote inakudai.

Sasa tundu lenyewe. Eneo la duara hukua kwa mraba wa kipenyo, na mraba jicho haliuoni. Tundu la robo tatu ya inchi, yaani milimita 19.05, lina eneo la milimita mraba 285. La inchi 7/8 lina 388, la 15/16 lina 445, na la inchi kamili lina 507. Ukizilaza mezani ya robo tatu na ya inchi utaona tofauti ya milimita sita tu. Mafuta ya breki yanaona tofauti ya mara 1.78.

Tuseme dereva anakanyaga kwa nguvu ya niutoni 300, sawa na uzito wa kilo 30 hivi, na pedali inazidisha mara sita, kama ilivyo kawaida kwa breki zisizo na busta. Niutoni 1,800 zinafika kwenye fimbo ya masta. Tundu la inchi moja linazigeuza kuwa presha ya bar 35 na nusu. Tundu la robo tatu, kwa mguu uleule, linatoa bar 63. Breki za diski zikitakiwa kusimamisha gari kwa dharura hutaka bar 60 hadi 80 hivi. Ile masta kubwa iliyosifiwa kwamba itashika imeishia nusu ya safari.

Lakini anayeitumia hatalalamika haraka, na hilo ndilo linaloupa usomaji mbaya maisha marefu. Tundu kubwa huzaa pedali ngumu, fupi, isiyozama. Mguu unaipenda. Dereva aliyezoea dramu za zamani, ambazo pedali yake ilishuka nusu njia kabla ya kukutana na kitu, anakanyaga mara moja akiwa bado amesimama gereji na kutamka kwamba breki sasa ni kali. Anausifu ugumu wa pedali, na gurudumu halijaulizwa. Litaulizwa mbele ya lori lililosimama ghafla kwenye tuta, na hapo kukanyaga zaidi hakutasaidia, kwa maana mguu una kikomo.

Kuupata ukweli wa kipenyo si kazi. Masta nyingi za Kijapani zinazouzwa Grogan, kama tunavyoendelea kuiita Barabara ya Kirinyaga, zimesubiwa namba ubavuni: 13/16, 7/8, 15/16. Nchi inayopima kila kitu kwa mita ikaandika vipande vya inchi ya Kiingereza. Sijawahi kuchoka kulitazama jambo hilo. Hata hivyo namba hiyo ni ya siku masta ilipozaliwa. Masta iliyochakaa ikatiwa silivu mpya ndani huenda imebadilika kipenyo huku ubavu ukiendelea kusema yaleyale. Ingiza venia ndani ya tundu, usome mwenyewe.

Mpaka hapa mtu anaweza kutoka mbio kutafuta masta ndogo kuliko zote, akajiingiza kwenye kosa la pili. Presha ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni ujazo, na ujazo unaisomesha barabara ya Kajiado vizuri kuliko ya Ulaya.

Kalipa mbili zenye pistoni moja ya milimita 54 kila moja zina jumla ya eneo la milimita mraba 4,580. Kwenye lami nzuri, beringi zikiwa zimekazwa sawasawa, pistoni hazihitaji kusogea zaidi ya milimita 0.3. Masta ya robo tatu inatembea chini kidogo ya milimita tano, pedali inashuka milimita 29. Safi. Sasa toka kwenye lami uingie murram iliyochongoka mawimbi, gari likiwa na umri wake na beringi za habu zikiwa na ulegevu wake. Diski inayumba, inazisukuma pedi nyuma, na pistoni zinarudi ndani ya kalipa. Unapokanyaga mara ya kwanza baada ya kilomita kadhaa, pistoni zinatakiwa kusafiri labda milimita nzima. Robo tatu sasa inadai milimita 16 za fimbo, ambazo ni 96 za pedali, na hapo hatujazihesabu dramu za nyuma ambazo nazo zina njaa yao. Sakafu iko karibu. Tundu la inchi 7/8 lingedai 71, la inchi moja 54.

Dereva wa huku huitambua hali hiyo bila kalamu. Anapampu. Ya kwanza inazama, ya pili inashika. Gereji wanamwambia breki ina upepo. Wanatoa upepo, wanautoa tena kesho yake, chupa ya mafuta inaisha, na ya kwanza inaendelea kuzama. Hakuna upepo. Kuna beringi, na kuna tundu lililochaguliwa kwa kuangalia presha peke yake.

Kwa hiyo presha inaweka mpaka wa juu wa tundu, ujazo unaweka mpaka wa chini, na nafasi iliyobaki katikati ni ndogo kuliko watu wanavyofikiri. Ndiyo maana masta inapaswa kuchaguliwa mwisho. Unaanza na kalipa, unahesabu pistoni, unapima uwiano wa pedali kwa rula, unaamua kuhusu busta, kisha unarudi nyuma mpaka kwenye tundu. Wengi huanza na masta kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikivuja.

Gari lenye masta ya chumba kimoja, yaani bomba moja linalohudumia magurudumu yote manne, halistahili diski mpaka masta hiyo iondoke. Hapa sina mjadala mrefu. Hosi moja ikipasuka, breki zote zimekwenda. Cadillac iliweka masta ya vyumba viwili mwaka 1962, na kufikia 1968 Marekani ilikuwa imeulazimisha mfumo wa aina hiyo kwa magari mapya. Anayetumia pesa kununua diski na kuuacha uzi mmoja umebeba roho za abiria amepamba mlango wa nyumba isiyo na ukuta wa nyuma. Ila vyumba viwili vina sharti lao: upande mmoja ukifa, pistoni yake inatembea bure mpaka mwisho kabla ya upande wa pili kuanza kujenga presha. Kama tundu ni dogo mno, pedali itagota sakafu kabla uzima uliobaki haujafika magurudumuni. Hiyo ni sababu nyingine ya kutoikimbilia robo tatu.

Kuna kipande kidogo ambacho wauzaji hawakitaji. Kwenye masta nyingi za dramu, mahali bomba linapotokea, huwekwa vali ndogo ya raba na springi inayobakiza presha ya bar 0.7 hivi ndani ya mabomba hata mguu ukiwa umeondoka. Kwa dramu ni busara: inazishikilia midomo ya raba za silinda za gurudumu zisivute hewa, na springi nzito za shuu zinaishinda presha hiyo bila taabu. Kalipa haina springi za kurudisha. Pistoni yake hurudi kwa sababu raba ya mraba iliyoizunguka ilipinda kidogo na sasa inajinyoosha, basi. Bar 0.7 juu ya pistoni ya milimita 54 ni niutoni 160, kama kilo 16 zinazobana pedi kutoka Kitengela hadi Kajiado, kilomita 50 hivi, bila dereva kugusa kitu. Vali hiyo lazima itoke upande wa mbele na ibaki upande wa nyuma, kama dramu za nyuma zimebaki. Ziko nyingine nyepesi, za bar 0.14, za kuwekwa kwenye diski pale masta inapokuwa chini kuliko kalipa na mafuta yanataka kurudi yenyewe. Land Rover, ambayo masta yake imekaa juu mbele ya dereva, haiihitaji. Volkswagen ya mgongo wa kobe inawachanganya watu kwa kuwa masta yake imejificha chini karibu na pedali, lakini kikopo chake cha mafuta kiko juu kwenye buti ya mbele, na kinachohesabika ni kimo cha mafuta.

Kikopo hicho, nikikitaja, ndicho sehemu pekee ya nje isiyodanganya. Dramu zinapolika, fundi hukaza kwa spana. Shuu zinasogezwa karibu, na mafuta yanabaki palepale kikoponi. Diski hazikazwi. Pedi inavyolika, pistoni inatoka na kubaki huko, na mafuta yanaifuata. Pedi za kila kalipa zikilika jumla ya milimita nane, kalipa zetu mbili zitakuwa zimenywa mililita 37 hivi. Kikopo cha dramu kilichofanywa kidogo kwa sababu kilikuwa na haki ya kuwa kidogo kitakauka, na masta itameza hewa mteremkoni. Kwa hiyo ukiona masta yenye vyumba viwili visivyolingana, kimoja kipana na kimoja chembamba, unasoma historia yake: ilitumikia diski mbele na dramu nyuma. Ila usidhani kwamba chumba kilichoelekea mbele ya gari ndicho cha magurudumu ya mbele. Watengenezaji hawakukubaliana hivyo, fuata bomba.

Chini ya kikopo, ndani ya tundu, kila chumba kina vijitundu viwili. Kimoja kinapitisha mafuta kwa wingi. Kingine hakifiki milimita moja kwa upana, na kama ningelazimika kuchagua mahali ambapo mchoraji wa masta alionyesha ustadi wake, ningechagua hapo. Mguu ukiwa umeondoka kabisa, raba ya pistoni inasimama nyuma yake kwa unywele, na mabomba yote yanaungana na hewa ya kikopo. Mafuta yakipata joto yakatanuka, yanapanda kupitia hapo. Mguu ukianza tu kushuka, raba inakipita, mlango unafungwa, presha inazaliwa. Diski huleta joto jingi karibu na mafuta, kwa hiyo kijitundu hiki kina kazi kubwa zaidi kwenye gari lililobadilishwa kuliko kilivyokuwa nayo zamani. Na ndicho kinachozibwa bila mtu kujua, kwa sababu masta mpya imefungwa na fimbo ya zamani, fimbo ni ndefu kwa milimita mbili, na raba haifiki nyumbani.

Dalili zake zina mtiririko. Gari linatoka Kitengela likiwa jepesi. Likifika Isinya linavuta. Kabla ya Kajiado magurudumu ya mbele yananuka, pedali iko juu na ngumu kupita kiasi, na ukiachilia pedali ya mafuta gari linasimama lenyewe. Likipumzika nusu saa linapona. Watu hubadilisha kalipa mbili kwa ugonjwa huo. Kipimo chake ni kulegeza nati mbili za masta uone kama magurudumu yanaachia. Yakiachia, tafuta urefu wa fimbo. Inatakiwa kuwe na nafasi ya milimita moja hivi kati ya fimbo na pistoni, ambayo kwenye pedali yenye uwiano wa sita utaisikia kama milimita sita za ulegevu. Wamiliki wengi huuona ulegevu huo kuwa uzembe wa fundi na kumtaka auondoe.

Busta nayo inadai kusomwa upya huku juu. Busta haina nguvu ya kwake. Inasukumwa na tofauti kati ya hewa ya nje na vakyumu ya ndani. Nyanda za Kitengela na Kajiado ziko kati ya mita 1,500 na 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mita 1,650 presha ya hewa iko chini ya ile ya Mombasa kwa asilimia 18 hivi. Chukua busta yenye ngozi ya milimita 200. Ikipata vakyumu ya kilopaskali 61 pwani, inasukuma kwa niutoni 1,900 hivi. Vakyumu ikishuka hadi 50 Kitengela, inasukuma kwa 1,570. Jumlisha mguu: niutoni 300 mara nne, maana pedali za busta huwa na uwiano mdogo, ni 1,200. Kwa masta ya inchi moja, gari hilohilo linapata bar 61 Mombasa na bar 55 Kitengela. Limefaulu mtihani pwani, limeufeli bara, na hakuna kilichobadilishwa isipokuwa mahali.

Ukishuka hadi 15/16, Kitengela inarudi kwenye bar 62. Na gharama ya ujazo? Kwa ile milimita nzima ya murram, pedali inashuka milimita 41 badala ya 36. Milimita tano za pedali kununua bar saba: hiyo ni biashara ningeifanya kila siku. Majedwali ya wauzaji wa ng'ambo yanayosema inchi moja kwa kila gari zito lenye busta yalipimwa kwenye hewa nzito kuliko yetu.

Hesabu hiyo yote inachukulia kwamba vakyumu ipo. Land Rover nyingi huku zimevuliwa injini ya petroli zikavishwa dizeli ya Kijapani, na dizeli haina vakyumu ya maana kwenye manifoldi. Inategemea pampu ndogo, mara nyingi ile iliyoshikamana na mgongo wa altaneta. Ukinunua altaneta ya bei nafuu isiyo na pampu, umenunua taa na kuuza breki.

Dramu za nyuma zinahitaji kudhibitiwa, hasa pikapu likiwa tupu. Breki kali za mbele zinainamisha pua, uzito unaondoka nyuma, na magurudumu ya nyuma yanajifunga kwenye kokoto, mkia ukitangulia. Vali ya kugawa presha ya kurekebisha kwa mkono, ikiwekwa kwenye bomba la nyuma tu, inatosha. Irekebishwe gari likiwa tupu, kisha ijaribiwe limebeba.

Magari haya pia yana uwanja wao wa fahari, Africa Concours d'Elegance, iliyoanza mwaka 1970 na ambayo wengi tunaihusisha na Ngong Racecourse. Kule husifiwa yakiwa yamesimama. Mtihani wa kuyasimamisha uko upande wa pili wa vilima vya Ngong: barabara ya Magadi kutoka Corner Baridi, inayoporomoka zaidi ya mita 1,000 hadi kwenye ziwa la magadi lenyewe. Joto huko linaitenga dramu na diski waziwazi. Dramu ikipata moto inapanuka ikiikimbia shuu, na pedali inazama. Diski ikipata moto inanenepa ikiifuata pedi. Kinachobaki kuogopwa ni mafuta kuchemka, maana mafuta ya breki hunyonya maji ya hewani. DOT 3 mpya inastahimili nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya unyevu kiwango chake kinaruhusiwa kushuka hadi 140. DOT 4 inatoka 230 hadi 155. Anayeweka kalipa mpya na kuziwekea mafuta ya zamani kwa kuyaonea huruma ameokoa pesa mahali pabaya.

Kwa 109 yenye diski mbele na dramu nyuma, basi, katika kimo hiki na kwa barabara hizi, naiweka 15/16 ya vyumba viwili pamoja na busta, na 7/8 kama busta ni ndogo. Bila busta sikubali kabisa kwa gari linalopita tani mbili likibeba. Na chaguo lenyewe lipimwe. Kuna geji ya presha inayofungwa mahali pa skrubu ya kutolea upepo kwenye kalipa; si kila gereji inayo, lakini atakayeulizia atapata wa kumwazima. Kanyaga kwa mguu mzito, injini ikiwa inaunguruma. Ikisoma chini ya 60, rudi kwenye vakyumu kwanza, kisha kwenye tundu. Ikisoma 60 na zaidi huku pedali ingali juu, ondoa geji, toa upepo, jaza mafuta hadi alama, kisha zungusha magurudumu ya mbele kwa mkono uhakikishe yanaachia.